Tope la Kwenye Pipa

Msomaji, ukiwa unakunywa chai, weka kikombe chini kwanza. Ya leo hayaendi na chai.

Wiki jana tulimwacha Brigid Nasambu amesimama kwenye nyasi za shimo la saba, katika uwanja mpya wa gofu wa Kaptarit, nje kidogo ya Eldoret. Jua lilikuwa halijatoka. Umande ulikuwa umemlowesha mpaka magotini. Mbele yake wanaume wa ukoo wao walikuwa wamemzunguka Wesonga, mtoto wa kaka yake, kijana aliyekuwa atahiriwe asubuhi hiyo hiyo. Katikati yao lilisimama pipa la bluu.

Mzee Wabuge alikuwa amekunja mkono wa koti, tayari kuchota tope ampake kijana mwili mzima, kama desturi ya Wabukusu inavyotaka kabla ya kisu. Na Nasambu, ambaye ndiye mtunza stoo wa uwanja huo, alilijua lile pipa.

"Usiguse!"

Sauti ilimtoka kabla hajaipangia maneno. Wimbo waliokuwa wakiimba ukakatika. Wanaume wote wakageuka.

"Nani huyo?"

"Ni mwanamke," mtu akajibu, kama vile amesema ni nyoka.

Mahali pa tope mwanamke hafiki. Nasambu alilijua hilo tangu utotoni, na tangu utotoni hakuwahi kulivunja. Leo alikuwa amelivunja mchana kweupe, au tuseme alfajiri nyeupe.

Kaka yake Murunga, baba wa kijana na kibarua wa uwanja huo huo, alimjia akiwa amekaza meno.

"Nasambu, rudi nyumbani. Unaniaibisha mbele ya wazee."

"Hilo pipa lilitoka stoo kwangu. Lilikuwa na dawa ya kuua magugu, Murunga. Ile tunanyunyizia kando ya feawei, pale kwa nyasi fupi. Wewe mwenyewe umeona vile inafanyia majani."

"Nililiosha."

"Uliliosha?"

"Mimi, kwa hii mikono yangu. Kwa sabuni ya unga. Nikasugua na mchanga, nikasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Unadhani naweza pakia mtoto wangu uchafu?"

Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililomuuma Nasambu zaidi. Mama yake Wesonga alipofariki, ni Nasambu, senge yake, yaani shangazi kwa Kibukusu, aliyemlea, lakini Murunga hakuwahi kukosa kuja jioni na mkate. Alimpenda mwanawe. Alilisugua pipa la sumu kwa mapenzi yote ya baba, kisha akalijaza tope na kulifunika, likakaa hivyo mpaka leo.

Nasambu aliinama juu ya pipa akanusa. Akarudi nyuma akiwa ameziba mdomo. Ilikuwa harufu tamu tamu ya kuchefua, kama dawa ya mende iliyomwagikiwa na maziwa yaliyoharibika.

"Hata hamsikii hiyo harufu?"

"Tope hunuka, mama," Mzee Wabuge akasema. Kichwani alikuwa amevaa kofia ya klabu, nyeupe, yenye picha ya korongo mwenye taji. "Ulitaka linukie marashi?"

Wanaume wakacheka. Wesonga peke yake hakucheka. Alikuwa na kaptura kuukuu tu, na baridi ya Agosti ilikuwa imeifanya ngozi yake iote vipele.

Sasa, msomaji, kama ndiyo kwanza unaanza kutusoma, utauliza: tope la kinamasi limefikaje kwenye pipa? Nitakwambia, na naomba uvumilie, maana hata mimi kuandika kunanitia kinyaa.

Hapa palipo na shimo la saba palikuwa na kinamasi. Kilikuwa na matete marefu kuliko mtu, na kandokando yake kulikuwa na kijisitu cha migunga na mikuyu ambamo korongo walilala. Wabukusu waliokuja Eldoret kutafuta kazi, wakazaa na kuzeeka hapa, waliwaleta vijana wao kwenye kinamasi hicho kila mwaka wa tohara. Kisha kampuni ikaja. Meneja wake, Bwana Paul, akasimama kwenye baraza na tabasamu lake, akasema nusu itakuwa gofu na nusu itabaki maumbile. Usawa, akasema. Alilipenda sana neno hilo. Korongo watabaki, miti itabaki, na wazee watatengewa kona yao ya utamaduni.

Watu wakapiga makofi. Migunga ikakatwa. Mitaro ikachimbwa, kinamasi kikakaushwa, udongo wa murram ukamwagwa na nyasi za kuletwa zikatandazwa juu yake kama zulia. Kona ya utamaduni ikawa kidimbwi chenye sakafu ya plastiki nyeusi na samaki wekundu wa kutazamwa.

Wazee walipouliza tope liko wapi, Bwana Paul akamwagiza Murunga awajazie pipa moja la tope la asili lililobaki mitaroni. Na Mzee Wabuge akainuka mbele ya watu, akasema desturi yetu haina ugomvi na pipa. Siku hiyo ndiyo aliyopewa kofia.

Ninakwambia, kuna mambo hata mbwa angeyanusa akaondoka.

Turudi kwenye shimo la saba.

Wanaume walikuwa bado wanacheka wakati kigari cha gofu kilipotokea juu ya kilima, kimya kimya, kikateremka na kusimama karibu na pipa. Bwana Paul alishuka. Alikuwa amevaa suruali nyeupe na glavu moja, mkono wa kushoto, maana alikuwa na mazoea ya kupiga mipira michache kabla ya kazi. Simu yake ilikuwa tayari inachukua video.

"Wazee wangu! Mbona mmenyamaza? Hiyo singing ilikuwa imefika mpaka klabuhausi. Nataka watu wa Nairobi waone vile sisi tunarespect culture."

Kisha akamwona Nasambu. Tabasamu likabaki mdomoni, likaondoka machoni.

"Nasambu. Hii si stoo."

"Naona, Bwana Paul. Lakini pipa ni la stoo. Umepea watu pipa la sumu wapakie mtoto."

"Hiyo drum ni safi kabisa. Iko certified. Wewe ni staff, ujue unachosema."

"Najua. Weka mkono ndani."

"Nini?"

"Kama ni safi, weka mkono ndani. Hutavuliwa nguo, hutapakwa kichwani. Mkono tu."

Wanaume wakamgeukia Bwana Paul. Hakuna aliyecheka safari hii. Yeye akacheka kwa niaba yao, akapiga hatua moja, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye pipa.

"Ule mwingine," Nasambu akasema. "Ule hauna glavu."

Mkono wa glavu ukabaki hewani.

Bwana Paul aliutazama mkono wake wa kulia, laini, kucha zimekatwa vizuri. Akalitazama tope. Utando wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua ulikuwa umetanda juu yake.

"Niko na meeting saa mbili," akasema.

"Kuna maji ya kunawa klabuhausi."

"Niko na ngozi sensitive. Daktari alinikataza."

"Kijana," Mzee Wabuge akamwambia Bwana Paul taratibu, "si ungeweka tu? Ni tope la asili. Wewe mwenyewe ulituambia."

"Mzee wangu, hii ni mambo ya insurance. Siwezi kukuelezea yote hapa."

 Kila mwanaume aliyekuwepo alilielewa hilo, msomi na asiye msomi. Mtu yule alikuwa amekuja kupiga picha ya mtoto akipakwa mwili mzima kile ambacho yeye hakutaka kukigusa kwa kidole.

Mmoja alitema mate kando. Wa pili naye akatema.

Mzee Wabuge aliteremsha mkono wa koti lake. Akafunga kifungo. Akavua ile kofia yenye picha ya korongo, akaitazama ndani na nje kama mtu aliyeokota kitu njiani, kisha akaiweka juu ya tope. Ikaelea kidogo, ikaanza kuzama.

Bwana Paul alikuwa amewiva kwa hasira.

"Nasambu, leta funguo za stoo. Umefutwa. Sasa hivi."

Nasambu alizitoa mfukoni. Zilikuwa nyingi, zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Alizitazama kidogo, kisha akazidondosha ndani ya pipa. Zilizama bila hata kutoa sauti.

"Zichukue," akasema.

Vijana walishindwa kujizuia. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Bwana Paul alirudi kwenye kigari chake, akageuza, na gurudumu likateleza mara mbili kwenye nyasi zake mwenyewe kabla halijashika. Nasambu alimtazama akipanda kilima, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hapo alihisi amenawa uso.

Raha yenyewe haikudumu.

"Sasa?" Murunga akauliza.

Swali hilo liliwafuta kicheko wote. Mbingu upande wa Moiben, kunakochomoza jua, ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Nyumbani ngariba alikuwa amekwisha kunoa kisu, wanawake wanangoja, wajomba wamefika kutoka mbali. Kijana akishatoka nyumbani kwa wimbo kwenda kwenye tope, harudi mkavu. Akirudi mkavu amerudi mtoto, na atasemwa hivyo mpaka azikwe.

Kijana mmoja alikimbilia kidimbwi cha utamaduni akaingiza mguu. Plastiki ikamtelezesha, akaketi kwenye maji pamoja na samaki wekundu.

"Hakuna kitu huku!" akapiga kelele. "Ni karatasi ya plastiki tupu!"

Mzee Wabuge alishika kichwa kisicho na kofia. "Nimewaaibisha," akasema. "Nimewaaibisha wajukuu wangu."

"Senge," Wesonga akanong'ona. Meno yalikuwa yanagongana. "Nitarudi hivi?"

Nasambu alimtazama. Akalitazama lile zulia la nyasi lililokwenda mpaka mwisho wa macho. Na mwisho wa macho, nyuma ya ua wa waya, aliona majani mapana ya kijani, mapana kama masikio ya ndovu.

"Kwa Mama Waiyego," akasema.

Wanaume wakaangalia chini.

Walikuwa na sababu ya kuangalia chini. Mama Waiyego ni mwenye duka la unga na mafuta ya taa pale njiapanda, na ule ukanda wa nduma, yaani magimbi, ulikuwa kipande cha mwisho cha kinamasi ambacho kampuni ilishindwa kukinunua. Kilikuwa na chemchemi yake na kijisitu chake kidogo, na korongo wawili watatu waliobaki walihamia humo. Kampuni ilipomkosa kwa maneno yake yenyewe, ilituma watu. Watu waliotumwa walikuwa Mzee Wabuge na Murunga. Walimwambia anazuia maendeleo. Kwenye baraza, Murunga alimwita mama kizuizi, na watu walicheka.

"Siwezi," Murunga akasema.

"Basi mrudishe mwanao mkavu," Nasambu akamjibu.

Wakaenda.

Mama Waiyego alikuwa amekwisha amka, yuko shambani na buti za mpira, jembe mkononi. Alipoona kundi la wanaume linamjia kupitia nyasi za gofu, alilishika jembe kwa mikono miwili.

"Ngai! Mmekuja kunitoa kwa nguvu sasa?"

"Hapana, mama," Mzee Wabuge akasema.

"Basi ni nini? Shamba siuzi. Nilisema jana, nasema leo."

"Tumekuja..." Mzee alikohoa. "Tumekuja kuomba tope."

Mama Waiyego alimtazama. Kisha akamtazama Wesonga aliyekuwa ameukumbatia mwili wake mwenyewe kwa baridi. Kisha Murunga, ambaye alikuwa amegeuza uso kabisa.

"Tope gani? Si mko na pipa?"

Mama Waiyego akapiga hatua moja mbele.

"Si mlisema pipa inatosha? Wewe mzee, si wewe ulisimama pale? Na huyu mwingine akaniita nini? Sema, Baba Wesonga. Sema vile uliniita, mtoto asikie."

"Mama, tusamehe," Murunga akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sijakuitisha msamaha. Nimeuliza uliniita nini."

Murunga akasema: "Kizuizi."

"Eeh. Kizuizi." Aliligonga jembe chini. "Na sasa kizuizi ndiyo iko na tope."

Nasambu aliona mashariki kunazidi kuwaka. Alitaka kusema kitu, lakini Mama Waiyego alimwinulia kiganja.

"Sitaki pesa yenu. Mzee, nataka neno moja tu, hapa, mbele ya hawa vijana. Watu wa kampuni wakikuja tena kuuliza hii kinamasi ni ya nini, utawaambia nini?"

 Mzee Wabuge aliyatazama matete machache yaliyobaki kando ya chemchemi, na korongo mmoja aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja akimtazama kwa jicho la dharau. Nasambu alidhani atapiga porojo kama kawaida yake. Hakupiga.

"Nitawaambia tulikosea," akasema. "Nitawaambia kinamasi kilikuwa mahali petu na tulikiuza kwa kofia. Hiki kilichobaki ni chako, na mimi nitalala mbele ya tingatinga wakija. Mbele ya hawa vijana nimesema."

Mama Waiyego alipangusa pua kwa mkono wa sweta.

"Ingieni. Lakini mkanyage kwa akili. Hizo nduma zimeanza kugeuka njano, sijui mitaro yenu imenifungia maji wapi. Hata zile ziko karibu na chemchemi, ndizo mbaya zaidi."

Nasambu aliyasikia maneno hayo, yakapita. Angeyashika, msomaji! Lakini nani angeyashika asubuhi ile, moyo ukiwa mahali pengine?

"Wanawake wabaki pale kwa ua," Mzee Wabuge akasema, na safari hii aliongeza, "tafadhali."

Nasambu alitii. Alikuwa amevunja desturi mara moja asubuhi ile na hakutaka kuivunja mara ya pili. Alisimama na Mama Waiyego kando ya ua, wakalipa shamba mgongo. Nyuma yao walisikia miguu ikizama, mkono ukichota, tope likitua kwenye ngozi. Mara Wesonga akavuta pumzi kwa nguvu, kwa ubaridi. Kisha wimbo ukaanza tena, mzito, wa vifua, na Nasambu akajikuta analia bila kujua alianza saa ngapi.

"Lia tu," Mama Waiyego akamwambia. "Mimi wangu alipotahiriwa niliunguza chapati zote."

Wimbo ukasonga mbali. Kurudi nyumbani hawapiti njia waliyojia, na njia ya kurudi anaijua mzee peke yake, anaichagua papo hapo. Walikwenda upande wa visiki vya migunga, wakapotea kwenye ukungu.

Alibaki Murunga. Alikuwa amekunja suruali na anainua kwa mikono matuta yaliyokanyagwa.

"Nenda na mwanao," Nasambu akamwambia.

"Nitawafikia. Siwezi acha shamba ya mama hivi." Alimtazama dada yake. Macho yalikuwa mekundu. "Umemwokoa, Nasambu. Mimi ningempaka ile takataka nikiimba."

Nasambu alitaka kumjibu vizuri. Lakini Mama Waiyego alikuwa ameingia kwenye nduma na alikuwa ameinama juu ya shimo walimochota.

"Nasambu," akaita. "Kuja uone hii kitu."

Chini ya shimo, kwenye maji yaliyoanza kujikusanya, kulikuwa na vyura. Walikuwa wamelala chali, matumbo meupe juu, miguu imenyooka. Mama Waiyego alimgeuza mmoja kwa ncha ya jembe. Ngozi ikabaki kwenye jembe.

 Nasambu alipiga magoti, akachota tope kwa vidole viwili, akalileta puani.

Dawa ya mende. Maziwa yaliyoharibika.

Alibaki amepiga magoti. Kichwani yalikuwa yanarudi yote, moja baada ya jingine: majani ya njano, yale ya karibu na chemchemi ndiyo mabaya zaidi, na kaka yake akijisifu alfajiri kwamba amesuuza mpaka maji yakatoka meupe.

"Murunga," akasema. "Lile pipa uliliosha wapi?"

Murunga alinyoosha mgongo. Na alitabasamu, masikini. Alitabasamu kwa fahari ya mtu anayeulizwa juu ya kazi aliyoifanya vizuri.

"Hapo juu. Kwa chemchemi. Mama alikuwa ameenda duka. Maji ya bomba sikutaka, yako na dawa. Nilitaka maji safi ya kuoshea pipa ya mtoto wangu." Alionyesha kwa kidole mfereji mdogo ulioshuka kutoka kwenye chemchemi mpaka pale walipokuwa. "Vijana wa site waliona, wakapenda. Siku hizi mapipa yote tunaoshea hapo."

Mama Waiyego aliachia jembe.

Tabasamu la Murunga lilikaa muda kidogo kabla halijaondoka. Alimtazama dada yake, vyura, mfereji. Kisha akaitazama mikono yake iliyojaa tope mpaka kwenye viwiko, na akaanza kuipangusa kwenye suruali, akaipangusa, akaipangusa, kwa nguvu, kama anataka kuivua ngozi.

"Nasambu," akasema. "Nasambu, nimempaka. Mimi ndiye nilishika tope ya kichwa. Nilimpaka kichwani na usoni."

"Kimbia."

Alikimbia hatua tatu. Buti likanasa kwenye nduma, akaanguka kifudifudi kwenye lile lile alilokuwa analikimbia. Nasambu alikunja sketi, akamruka, akauparamia ua.

Wamepita wapi? Kulia kwa visiki au kushoto kwa barabara ya lori? Mzee peke yake ndiye aliyejua. Na akiwapata, atafanyaje? Aliyekwisha kupakwa hasimamishwi njiani, haoshwi, hapanguswi. Wala hatoi sauti. Kijana akilia kabla ya kisu, hata akilia kidogo, ataitwa mwoga maisha yake yote, na Wesonga alikuwa amejifunza kwa mwaka mzima kutotikisa hata kope.

Nasambu alisimama kati ya visiki, kifua kinamwuma, akatega sikio. Wimbo ulikuwa mbele, upande wa kushoto, mzito na wenye furaha.

Ghafla ukakatika.

Na katika kimya kile, kutoka ndani ya ukungu, akasikia sauti moja tu. Haikuwa ya mzee.

"Senge! Macho yangu! Senge, sioni!"